Kumchagua Mtu wa Kushika Duka la Kikundi

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)



Wazee wetu, kina mama, ndugu vijana, na ninyi wenyeviti na makarani wa vikundi mliofika kutoka Sagalla, Mbololo, Kasigau, Mwatate na hapa mjini Voi, karibuni sana. Wengine mmeamka na giza ili mpate gari la kwanza. Kwa hiyo hatutazunguka, twaingia kwa jambo lenyewe.

Vikundi vyenu vimekua. Vingi vilianza na mchango wa mzunguko, kila wiki pesa zinaenda kwa mmoja. Baadaye mkaweka akiba, mkafungua duka. Mwanzoni wanachama walishika duka kwa zamu, leo mama huyu, kesho mzee yule. Sasa kazi imezidi. Zamu zinasahauliwa, daftari lina mwandiko wa watu kumi, na hakuna anayejua sukari iliisha lini. Ndipo mkasema: tumwajiri mtu mmoja, awe meneja wa duka. Uamuzi ni mzuri. Lakini sasa swali ni hili: tutamjuaje anayefaa? Tutafanyaje intavyu? Wengine wanasema mahojiano, yote ni mamoja.

Kabla ya kuendelea, tuone ni nini tunachokishika mkononi. Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 25, kila mmoja ametoa shilingi 4,000. Hiyo ni shilingi 100,000. Ndani ya pesa hiyo yumo mbuzi aliyeuzwa, zimo ndengu za msimu mzima, umo mshahara wa kukata mkonge, yamo machozi ya mjane. Huo ni upande mmoja.

Upande wa pili yuko kijana au mama mtakayemwajiri. Yeye mali yake ni jina lake. Duka likianguka, hata kama kosa si lake, kijiji kitasema, "Amekula pesa za kikundi." Jina hilo litamfuata mpaka Taveta, na hakuna atakayempa kazi tena. Basi intavyu nzuri ina kazi mbili: inalinda pesa za wanachama, na inalinda jina la mfanyakazi. Mkirudi nyumbani na hayo mawili tu, hatukupoteza siku.

MITUME WALIFANYAJE?

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wakristo wa kwanza pale Yerusalemu walipata shida iliyo karibu sana na yetu. Chakula kiligawiwa kila siku, na wajane wa wale waliosema Kigiriki wakawa wanasahauliwa. Manung'uniko yakaanza. Mitume hawakusema, "Tumpe kazi ndugu yake Petro, tunamjua." Waliita jumuiya yote. Wakaeleza kazi, kisha wakataja sifa za watu wanaotakiwa: wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Wakataja na idadi, watu saba. Ndipo jumuiya ikachagua, na waliochaguliwa wakawekewa mikono mbele ya wote.

Angalieni mpango huo. Kwanza kazi, halafu sifa, halafu mtu, halafu kukabidhiwa mbele ya watu. Sisi mara nyingi twaanza na mtu. Twasema, "Yuko mtoto wa fulani, amemaliza fomu foo, amekaa tu nyumbani." Halafu ndipo twamtafutia sifa. Leo tufuate mpango wa mitume, hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: ANDIKENI KAZI

Duka la hapa Voi, karibu na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, si sawa na duka la chini ya mlima Kasigau. Hapa mjini mteja akikosa sukari kwako anavuka barabara tu. Kule, gari la bidhaa likikosa kuja siku mbili, duka ni tupu. Duka lililo karibu na mashamba ya mkonge hujaa watu mwisho wa mwezi, katikati ya mwezi likalala. Duka la wakulima lategemea mavuno, na mwajua kwetu mavuno yanaamuliwa na mvua na ndovu. Kwa hiyo meneja anayefaa duka moja huenda asifae lingine.

Kaeni kama kikundi mjibu maswali haya kwa maandishi:

(a) Duka litafunguliwa na kufungwa saa ngapi, na siku gani za mapumziko?
(b) Nani ataenda kununua bidhaa: meneja peke yake, au pamoja na mjumbe wa kamati?
(c) Pesa za jioni zitalala wapi? Zile za M-Pesa zitaingia kwa namba ya nani? Isiwe simu ya mtu binafsi.
(d) Kukopesha kunaruhusiwa? Kwa nani, na mwisho kiasi gani?
(e) Mshahara ni kiasi gani, na duka laweza kuulipa kutoka kwa faida?

Swali hili la mwisho msiliruke. Ukiona faida ya mwezi haifikii mshahara, basi hamna duka la kuajiri mtu bado. Endeleeni na zamu, muongeze mtaji. Kumwita mtoto wa watu kazini huku mwajua hamtamlipa ni dhambi. Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika barua yake juu ya wafanyakazi mwaka 1891, akafundisha kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi kuishi. Fundisho hilo ni kwa kila mwajiri, na kikundi cha kina mama 25 nacho ni mwajiri.

HATUA YA 2: TANGAZENI, MCHAGUE WA KUHOJI

Wekeni tangazo mahali watu wanapopita: kanisani, msikitini, kwa chifu, sokoni, kwenye mlango wa duka. Semeni kazi ni nini, mshahara ni kiasi gani, na mwisho wa kupokea barua ni lini.

Wanaohoji wawe watatu au watano, wasizidi. Wakiwa kumi na tano mtu hataweza hata kutaja jina lake. Miongoni mwao awepo mwanamke, awepo kijana, na awepo mmoja anayejua biashara ya duka hata kama si mwanachama. Mwenye ndugu kati ya walioomba kazi asikae kwenye meza hiyo. Hatusemi ndugu asiajiriwe. Twasema asihojiwe na baba yake mdogo. Hata akistahili, watu watasema alipewa, na jina lake limeharibika kabla hajauza kiberiti kimoja.

HATUA YA 3: MASWALI

Maswali yaandikwe mapema, na kila mmoja aulizwe yale yale. Msimwulize mmoja hesabu ngumu na mwingine mkamwuliza habari za nyumbani.

Kuna maswali yasiyosaidia. "Wewe ni mwaminifu?" Ni nani atakayejibu hapana? "Utafanya kazi kwa bidii?" Mwizi na mtakatifu watajibu sawasawa. Swali zuri linataka mtu aeleze alichokifanya, au atakachokifanya mambo yakiwa magumu. Sikieni mifano:

"Tuambie siku ambayo hesabu ilikukataa, dukani, sokoni au hata katika pesa za jumuiya. Ulifanya nini?" Anayesema haijawahi kumkataa, ama hajawahi kushika pesa au anaficha. Anayesema, "Nilirudia kuhesabu, nikamwambia mwenye duka siku ile ile," huyo msikilizeni.

"Mwenyekiti wetu amekuja saa moja jioni anataka unga na mafuta kwa deni. Kanuni yetu hairuhusu. Utamwambiaje?" Mwenyekiti awe amekaa pale pale akisikiliza! Mwone kama huyu mtu anaweza kukataa kwa heshima. Anayejibu, "Nitampa kwa sababu ni mkubwa," ataimaliza stoo kwa heshima hiyo hiyo.

"Mteja mzee amerudi na unga, anasema una wadudu. Utafanyaje?" Hapa mtajua kama ana uvumilivu na kama anajua kwamba duka ni watu.

"Duka la jirani limeshusha bei ya sukari. Utafanya nini juma hili?" Asiyejua biashara atasema, "Na sisi tushushe." Anayejua atauliza kwanza, "Sisi tulinunua kwa bei gani?"

Kuna na maswali ambayo hayafai kabisa. Msimwulize mama kama ana mimba au anatarajia kuzaa. Msimwulize mtu kabila lake, chama chake cha siasa, dini yake, wala hali yake ya ukimwi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mtu kwa mambo hayo, na inakataza hata wakati wa kuajiri. Wala msimwache mlemavu kwa kuwa ni mlemavu. Mtu wa kiti cha magurudumu aweza kushika daftari na kaunta vizuri kuliko wengi wenye miguu.

HATUA YA 4: MPENI KAZI AIFANYE

Sasa hapa ndipo vikundi vingi vinaruka, na hapa ndipo ukweli unaonekana. Mdomo waweza kudanganya, mizani ni ngumu. Baada ya maswali, mpelekeni dukani kwa nusu saa. Mpeni rafu moja ahesabu bidhaa na kuziandika. Mpeni mizani apime kilo mbili na nusu za maharagwe. Mpeni risiti tano aziandike kwenye daftari, zilizoingia na zilizotoka. Kisha mpeni hesabu kama hii. Bei hizi ni za mfano tu:

Gunia la sukari la kilo 50 limenunuliwa Voi kwa shilingi 6,800. Nauli ya kulipandisha mpaka dukani ni 200. Tunauza kilo kwa 150. Faida ni kiasi gani?

Anayesahau nauli atasema 700. Jibu ni 500, kwa sababu gunia limetugharimu 7,000 na tutapata 7,500. Halafu mwulizeni: "Kilo 2 zikimwagika au zikipimwa kwa kuzidisha, je?" Faida inashuka mpaka 200. "Na kama hakuna kilichomwagika, lakini kilo 4 zimekopwa na hazikulipwa?" Hapo tumepata 6,900 kwa gunia la 7,000. Tumepata hasara ya shilingi 100. Yaani kilo 4 tu za deni zimekula faida ya gunia zima na kung'ata mtaji.

Hesabu hii ifanyeni hata ninyi wanachama, kwa maana wanaokopa mara nyingi ni sisi wenyewe. Wale wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, walikuwa maskini. Walianza na vitu vichache: unga, siagi, sukari. Na moja ya kanuni zao ilikuwa kuuza kwa pesa taslimu tu. Walijua deni linavyoua duka dogo.

NENO KWA WANAOHOJIWA

Vijana na kina mama wanaotafuta kazi hizi mko hapa pia. Sikieni nanyi.

Usiseme, "Sina uzoefu." Mama aliyeuza nyanya za Wundanyi au ndizi za Taveta kwa miaka mitano anajua kununua, kupanga bei, kupoteza kidogo na kuongea na mteja mkali. Huo ni uzoefu. Ueleze kwa hesabu: nilianza na kreti moja, nikafika tatu. Kijana aliyekuwa mweka hazina wa vijana wa parokia, alete daftari lake walione.

Fika mapema. Siku moja kabla, pita dukani kama mteja. Angalia bei, angalia kinachokosekana, angalia watu wanaulizia nini. Ukiulizwa utafanya nini, una cha kusema. Usichokijua sema hukijui, na kwamba uko tayari kujifunza. Anayejidai anajua kompyuta ataonekana siku ya pili.

Na wewe uliza. Mwisho wa intavyu wakisema, "Una swali?" usitikise kichwa tu. Uliza: Nitawajibika kwa nani, mmoja au wote 25? Bidhaa zitahesabiwa kila baada ya muda gani? Pesa zikipungua, mtafuata utaratibu gani? Kamati isione maswali hayo ni kiburi. Mtu anayetaka kuiba hatafuti kuhesabiwa. Anayeuliza habari ya kuhesabiwa analinda jina lake, na papo hapo analinda pesa zenu.

HATUA YA 5: AMUENI

Kila mhoji aandike alama zake kabla ya kuzungumza na wenzake, wasije wote wakamfuata mzee aliyesema kwanza. Kisha mjumlishe. Wawili wa juu, ulizeni habari zao kwa watu waliowahi kufanya kazi nao. Msiulize, "Ni mtu mzuri?" Ulizeni, "Alishika nini kwako, na ukipata nafasi utamrudisha?" Nyamazeni msikilize jibu lake, na hata kimya chake.

Waliokosa waambieni, kwa heshima na mapema. Mtu asingoje miezi miwili huku ameacha vibarua vingine.

HATUA YA 6: MKATABA NA KUKABIDHI

Sheria ile ile ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe akikubali uongezwe. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi pamoja na mshahara. Mama akijifungua ana haki ya miezi mitatu na mshahara wake. Nendeni ofisi ya kazi mkaulize mshahara wa chini uliowekwa na serikali, na makato ya NSSF, SHA na mengine. Msikisie.

Kuhusu pesa kupungua, sikieni vizuri. Kikundi hakiwezi tu kuamka na kusema, "Mwezi huu hakuna mshahara, duka limepungua." Sheria yaruhusu kumkata meneja pesa zilizopungua ikiwa mkataba wake umemkabidhi waziwazi pesa hizo, na zimepungua kwa uzembe au udanganyifu wake. Hata hivyo makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Panya wakila unga kwa sababu kamati ilikataa kutengeneza mlango, hilo si deni la meneja.

Siku ya kukabidhi, fungeni duka nusu siku. Hesabuni kila kitu pamoja: kila paketi, kila sabuni, kila shilingi, na madeni yote ya zamani. Andikeni nakala mbili, mweke sahihi, meneja na kamati, mbele ya wanachama. Huku ndiko kuwekea mikono kwetu. Bila karatasi hiyo, baada ya miezi mitatu meneja atalipishwa madeni ya zamu za mwaka jana, na hana la kujitetea.

BAADA YA HAPO, HESABU

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana Yesu anasimulia habari ya tajiri aliyekuwa na msimamizi. Akasikia uvumi kwamba mali yake inatapanywa. Ndipo akamwita na kutaka hesabu, siku ile ile ya kumfukuza. Twajua msimamizi yule alikuwa mdanganyifu. Lakini tujiulize nasi: hesabu ya kila mwezi ilikuwa wapi? Vikundi vyetu hufanya vivyo hivyo. Mwaka mzima kimya, halafu uvumi, halafu kelele, halafu polisi.

Wala msidhani jambo hili ni la maduka madogo tu. Nakumatt ilitoka kwenye duka la magodoro la Nakuru, ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Madeni ya wanaoleta bidhaa na wenye majengo yakailemea. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa kisheria, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Wateja ilikuwa nao. Kulipa madeni ndiko kulikoishinda.

Kwa hiyo, kila mwezi wajumbe wawili wahesabu bidhaa pamoja na meneja, na matokeo yasomwe katika mkutano. Wajumbe hao wabadilishwe. Mkihesabu hata mwezi ambao hamna shaka, hakuna atakayeona ametuhumiwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Duka letu lapata faida gani kwa mwezi, na laweza kulipa mshahara gani wa haki?
2. Ni wanachama gani wanaodaiwa na duka leo? Je, wako tayari kulipa kabla meneja hajaingia?
3. Tukiwa na ndugu anayeomba kazi, tutafanyaje ili asidhulumiwe na asipendelewe?
4. Andikeni maswali matano ya intavyu yanayohusu duka lenu hasa.

Kaeni sasa kwa vikundi, watu wanane wanane. Makarani wachukue karatasi pale mezani. Anzeni na swali la pili, maana tunaona wengine mmeanza kucheka.